Barua ya wazi: Kuitikia mwano si kukusudia kuua

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mkurugenzi wa Mashtaka,
na Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania.

YAH: KIFUNGU CHA NIA YA PAMOJA NA RUFANI ZA WALIOHUKUMIWA KUNYONGWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja ya Kanda ya Ziwa, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kazi zangu za kila siku ni mirathi, mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto. Kesi za mauaji si za ngazi yangu. Zinaanzia polisi zinaishia Mahakama Kuu, na huko kuna mawakili. Lakini mtu akishahukumiwa, ndugu zake hurudi kijijini na makaratasi wasiyoweza kuyasoma, na makaratasi hayo huletwa kwangu.

Ninalotaka kusema ni hili. Huku kwetu mwano, yaani yowe la kuita watu wakamsake mwizi, ukipigwa usiku, mwanaume mzima analazimika kutoka. Asipotoka anatozwa faini, na akirudia anatengwa: hauziwi unga, hasagiwi mashineni, akifiwa hazikiwi. Akitoka, na huko alikokwenda mtu akapigwa akafa, sheria inaweza kumhesabu kuwa muuaji sawasawa na yule aliyeshusha panga. Na kwa muuaji Kanuni ya Adhabu imeweka adhabu moja tu. Kijiji kinamwadhibu kwa kutokuwepo, sheria inamwadhibu kwa kuwepo. Naomba mliangalie hilo upya katika maandishi ya sheria, katika namna ya kushtaki na katika namna rufani hizi zinavyoendeshwa.

Kifungu ninachokisema ni cha 23 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa lugha ya kawaida kinasema kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo lilikuwa linatarajiwa kutokana na jambo hilo, basi kila mmoja wao anahesabika kuwa amelitenda. Tulikirithi kwa Waingereza kupitia kanuni ya 1930, na asili yake ni mbali zaidi, kwenye Kanuni ya Jinai ya Queensland, Australia, ya 1899. Ukizisoma mbili hizo sambamba utadhani mtu alinakili.

Sina ugomvi na shabaha yake. Majambazi wanne wakiingia dukani na bunduki, aliyebaki nje kwenye pikipiki akisubiri mgao hawezi kujitetea kwamba yeye hakufyatua risasi. Na huku kwetu tunawajua wanaokodi watu kwenda kumkata mapanga bibi kizee kwa kisingizio cha uchawi, kumbe wanataka shamba lake. Hao wafungwe. Ila hao hawahitaji hata kifungu cha 23. Kifungu cha 22 kinawatosha, maana kinamkamata anayesaidia, anayechochea na anayeshauri kosa litendeke. Cha 23 kinahitajika pale ambapo huwezi kuonyesha mtu alifanya nini hasa, na hapo ndipo panaponitia wasiwasi.

Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua shauri lililotoka Uganda ambalo wanasheria wote wa ukanda huu wanalijua, la Tabulayenka na wenzake. Ikasema si lazima watu wawe wamekaa kikao kabla ya kushambulia. Nia ya pamoja inaweza kuonekana kutokana na kuwepo kwao, matendo yao, na kutojitenga kwao na shambulio. Miaka zaidi ya themanini baadaye maneno hayo bado yanaandikwa kwenye hukumu za Tanzania, Kenya na Uganda. Ni maneno ya busara kama yote matatu yanatakiwa kwa pamoja. Ila nimesoma hukumu ambamo la kwanza na la tatu yamebeba mzigo wote, na la katikati, matendo, limepitwa kwa sentensi moja.

Waliokaa mjini wanaweza wasielewe uzito wa kuwepo kwa huku. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Shinyanga, ng'ombe walipokuwa wakiibwa makundi kwa makundi na polisi wako mbali. Serikali iliona wanafaa, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Yaani kutoka usiku kwenda kuzuia wizi ni jambo ambalo Dola yenyewe ililibariki. Hata bila sungusungu, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu aliyetenda kosa kubwa. Basi mtu anapotoka kitandani akafuata mwano, jambo analokwenda kulifanya ni halali. Kifungu cha 23 kinadai kwanza jambo lisilo halali. Kwa hiyo swali la kujibiwa mahakamani ni hili: nia ya kukamata iligeuka saa ngapi kuwa nia ya kuua, na ni nani aliyegeuka nayo? Hukumu ninazoletewa mara nyingi hazijibu.

Niseme shauri moja, kwa kadiri inavyofaa. Rufani yake bado haijasikilizwa, kwa hiyo sitataja kijiji, mahakama wala jina la mtu, na siombi kiongozi yeyote apige simu kokote. Majaji wa rufani wataliamua kwa ushahidi ulio mbele yao.

Usiku huo ziliibwa maksai mbili. Mwano ulipigwa, kitongoji cha pili wakaupokea, kisha cha tatu. Kijana ninayemzungumzia ni fundi baiskeli. Alitoka na tochi na fimbo yake ya kuchungia. Alipofika kwenye majaruba ya mpunga alikuta watu wameshazunguka na mtu yuko chini. Akawasha tochi akammulika usoni, na kwa maneno ya shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka mwenyewe, akauliza, "Huyu ni nani?" Hakujibiwa. Wenye mapanga na marungu waliendelea. Mwenyekiti wa kitongoji alipofika yule mtu alikuwa bado anapumua. Polisi walipofika alfajiri alikuwa amekufa. Hakuwa mwizi. Alikuwa anatoka kilabuni anarudi kwao. Ameacha mjane na watoto, na mama yake mzazi nakutana naye mnadani kila wiki. Hatusalimiani kama zamani, kwa sababu anajua makaratasi ya nani yako kwangu. Simlaumu.

Waliotajwa walikuwa sita. Wawili, hao ambao kila shahidi alisema walikuwa na mapanga, walitoroka na hadi leo hawajaonekana. Wanne wakafikishwa mahakamani. Wawili kati yao walisema walikuwa wamelala na wake zao wakathibitisha. Kwa kuwa ilikuwa usiku, mahakama ikapima utambuzi kwa vigezo vya shauri la Waziri Amani la 1980: mwanga ulikuwa wa nini na ukali gani, shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama mtu kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla. Vigezo havikutimia, wakaachiwa. Sheria ilitumika sawasawa na sina neno.

Lakini mwanga uliotajwa mahakamani ulikuwa upi? Ni wa tochi ya yule kijana. Sasa, aliyeshika tochi ndiye mtu wa mwisho kuonekana. Yuko gizani, nyuma ya mwanga, na wanaomtazama wamepigwa na mwanga machoni. Hakuna shahidi aliyeweza kusema fimbo yake iliinuka. Walichosema ni kwamba alikuwa anamulika. Aliyejiweka eneo la tukio ni yeye mwenyewe, katika maelezo ya onyo aliyoyatoa polisi: ndiyo nilikuwepo, tochi ni yangu, sikumpiga. Mahakama ikachukua nusu ya kwanza ya maelezo hayo na kuiacha ya pili. Alikuwepo, alikuwa na fimbo, aliwamulikia wauaji, hakujitenga. Akahukumiwa kunyongwa hadi kufa, pamoja na mwenzake mmoja aliyeonekana akipiga.

Aliyekiri kuwepo amehukumiwa kufa. Waliosema walikuwa wamelala wako nyumbani. Kijijini funzo hilo limesikika vizuri sana, na kila mpelelezi atakayekuja huku kuuliza nani alikuwepo wapi ataliona tunda lake.

Kuhusu kumulika: mtu anaweza kummulika mtu ili apigwe vizuri, na anaweza kummulika ili ajue ni nani. Swali aliloliuliza kijana, ambalo upande wa mashtaka wenyewe ndio uliolileta, linaelekea upande wa pili. Halikujadiliwa hata mstari mmoja kwenye hukumu. Na kuhusu kujitenga: waheshimiwa, mmewahi kusimama katikati ya wananchi wenye hasira kali? Anayesema "jamani mwacheni" huulizwa hapo hapo, "Na wewe ni mwenzake?" Watu wamepigwa kwa kutamka neno hilo moja tu. Kukimbia nako si salama, maana anayekimbia kwenye mwano ndiye anayefukuzwa. Kumtaka kijana mmoja ajitenge kwa sauti, usiku, mbele ya mapanga, ni kumtaka awe shujaa, na sheria ya jinai haikuwekwa kunyonga watu kwa kukosa ushujaa. Najua atakayenijibu kwamba angeweza kuzima tochi. Ni kweli, angeweza. Hilo ni swali zuri la kumuuliza shahidi na mshtakiwa, tena mbele ya jaji, na halikuulizwa.

Mahakama ya Rufani yenyewe imetupa zana nzuri ya kupima nia ovu. Katika shauri la Enock Kipela ilisema kwamba muuaji haji kutangaza nia yake, kwa hiyo inatafutwa kwenye aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka mtu, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Vigezo vyote hivyo vinampima mtu mmoja mmoja. Silaha ya nani, pigo la nani, maneno ya nani. Kifungu cha 23 kinapoingia bila uangalifu, vinapimwa kwa kundi zima: mapanga ya waliotoroka yanakuwa mapanga ya aliyekuja na fimbo ya kuchungia, na majeraha kwenye kichwa cha marehemu yanathibitisha nia ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akigusa kichwa hicho.

Wenzetu walikotoka maneno haya wameshaliona tatizo. Tarehe 18 Februari 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikikaa pamoja na Baraza la Faragha lililokuwa likisikiliza rufani kutoka Jamaica, iliamua shauri la Jogee. Ikasema kwamba tangu shauri moja la Hong Kong la 1984 sheria yao ilikuwa imekosea njia, kwa kumhesabu mtu kuwa muuaji eti kwa sababu tu alitabiri kwamba mwenzake angeweza kuua. Kutabiri ni ushahidi unaoweza kuonyesha nia, hakutoshi kuwa nia yenyewe. Naelewa kwamba ile ni sheria yao iliyojengwa na maamuzi ya majaji na yetu iko kwenye kanuni iliyoandikwa, na kwamba jaji wa Dar es Salaam hafungwi na London. Hata huko, waliokuwa wameshahukumiwa zamani hawakufunguliwa milango tu. Walitakiwa waonyeshe kuwa wametendewa dhuluma kubwa. Lakini wao walikosea wakiwa hawana hukumu ya kifo kwa kosa la kuua tangu miaka ya 1960. Sisi tunayo.

Na hapo ndipo kila kosa dogo linapokuwa kubwa. Mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji wetu hana la kuchagua. Awe ndiye aliyepanga, aliyekata, au aliyesimama na tochi, jaji anasoma maneno yale yale. Kosa la kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji ana uhuru wote wa kupima. Amewahi mtu kupewa miaka michache, amewahi mtu kupewa mingi. Kati ya makosa hayo mawili pana ukuta, na kifungu cha 23 ndicho kinachomrusha mtu upande wa pili.

Waganda walibomoa ukuta huo Januari 2009, Mahakama yao ya Juu ilipoamua kwenye shauri la Kigula kwamba adhabu ya lazima ya kifo ni kinyume cha Katiba. Wakenya wakafuata tarehe 14 Desemba 2017 kwenye shauri la Muruatetu. Sisi tulianza mapema kuliko wote: mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kutweza, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Tangu 1994 hajanyongwa mtu nchini. Mwaka 2017 Rais wa awamu ya tano, John Magufuli, alisema waziwazi kwamba asingependa kusaini hati za kunyonga. Kisha tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo hapo Arusha kwetu, ikaamua kwenye shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumfunga jaji mikono kwenye adhabu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi, ikaitaka Tanzania iondoe kifungu cha adhabu hiyo ya lazima. Mwezi huo huo Serikali ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na kuanzia Novemba 2020 mlango huo ukafungwa. Mwaka 2023 Tume ya Rais ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni na kukabidhi ripoti. Kwa nini bado tunahukumu kwa kifungu kile kile, sijui nani mwenye jibu kama si ninyi.

Sasa rufani. Kwa mtu aliyehukumiwa na Mahakama Kuu, rufani ya Mahakama ya Rufani ni ya kwanza na ya mwisho. Ndiyo nafasi pekee ya ushahidi kupimwa upya wote, jambo baada ya jambo. Ikishindikana hapo kinachobaki ni mapitio, yaani mahakama hiyo hiyo kuitazama upya hukumu yake, ambayo yana sababu finyu sana na siku 60 tu, na huruma ya Rais. Nafasi ya pekee namna hiyo ungetegemea iandaliwe kwa uangalifu. Inavyoandaliwa ni hivi.

Mfungwa ana siku 30 za kutoa taarifa ya kukata rufani, na maofisa magereza kwa kawaida wanalisimamia vizuri. Dole gumba linawekwa siku zile zile za mwanzo. Halafu ni kusubiri mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, uchapwe. Kuna ndugu waliosubiri hadi mtoto aliyezaliwa mwaka wa hukumu akaanza shule. Mwenendo ukifika, uko kwa Kiingereza. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, ila ilibakiza nafasi ya Kiingereza, na nafasi hiyo imekuwa pana kuliko mlango wenyewe. Mtu aliyetoa ushahidi wake kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kupitia mkalimani, anarudishiwa maneno yake katika lugha asiyoijua na kuambiwa aonyeshe jaji alikosea wapi.

Kwa hiyo sababu za rufani anaandikiwa na mfungwa mwenzake mzoefu. Ninazo nakala kadhaa. Zinafanana kama sare: upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi pasipo shaka, utambuzi haukuwa salama, utetezi haukuzingatiwa. Sababu kwamba kifungu cha 23 kimetumika vibaya, kwamba jambo la awali lilikuwa halali, kwamba hakuna pigo lililohusishwa na mrufani, haimo, kwa sababu mwandishi wa gerezani haijui. Wakili anayepewa na Serikali anaweza kuongeza sababu za nyongeza, na wako wanaofanya hivyo kwa moyo wote kwa malipo madogo kabisa. Wako pia wanaokutana na mteja wao kwa mara ya kwanza asubuhi ya kusikilizwa, kwenye korido, pingu zikiwa bado mkononi.

Matokeo yake rufani nyingi zilizofaulu hazikufaulu kwa hoja ya nia. Kwa miaka mingi zilifaulu kwa sababu ya wazee wa baraza, yaani raia waliokaa na jaji kumshauri: jaji hakuwafafanulia mambo muhimu ya sheria, au waliwauliza mashahidi maswali kinyume na taratibu. Mwaka 2022 sheria iliondoa ulazima wa wazee hao, na mlango huo nao umepungua. Hata ulipokuwa wazi, mara nyingi ulimrudisha mtu mahabusu kusubiri kesi yake ianze upya. Sisemi majaji wa rufani hawakuliona suala la nia ya pamoja. Wameliona, na zipo hukumu ambamo wametengua kuua kwa kukusudia na kuweka kuua bila kukusudia kwa watu waliokuwa katika kundi. Zipo ambamo mawakili wa Serikali wenyewe walisimama wakaunga mkono rufani. Hiyo inaonyesha kuwa tatizo linajulikana ndani ya nyumba. Ila wanaofikia hapo ni wale waliobahatika kupata wakili aliyeiona hoja.

Ninayoyaomba ni haya.

Kwako Mkurugenzi wa Mashtaka, unao uwezo mikononi leo, bila kusubiri Bunge. Waelekeze mawakili wako kwamba katika vifo vya kundi lililoitikia mwano, hati ya mashtaka ya kuua kwa kukusudia iwe kwa mtu ambaye ushahidi unaonyesha alifanya nini, na siyo alikuwa wapi tu. Wengine kama wana hatia, iwe ya kuua bila kukusudia au ya shambulio. Na rufani zilizoko mezani zipitiwe upya na jicho hilo kabla hazijapangiwa vikao. Na wale waliotoroka na mapanga, watafutwe. Katika shauri nililolieleza, ndugu wa marehemu wanajua, na mimi najua, kwamba waliomuua hasa hawajawahi kuonana na jaji.

Kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, naomba kifungu cha 23 kiongezwe maneno machache: kwamba kuwepo peke yake, au kutojitenga peke yake, si uthibitisho wa nia ya pamoja, kwamba mahakama ieleze kwa kila mshtakiwa jambo lisilo halali lilikuwa lipi na alijiunga nalo kwa tendo gani, na kwamba kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ithibitishwe kuwa mshtakiwa mwenyewe alikusudia kifo au madhara makubwa. Kutarajia kubaki kuwa ushahidi, kusiwe badala ya nia. Mkianza kuiandika, njooni pia huku tulipo, mkae na makamanda wa sungusungu na mjane wa mtu aliyeuawa kwenye meza moja.

Kwako Mheshimiwa Waziri, peleka bungeni muswada wa kumrudishia jaji uwezo wa kuchagua adhabu. Mwenye kutaka adhabu ya kifo ibaki kwenye vitabu anaweza kukubaliana nami katika hili. Siombi ifutwe kwa barua hii. Naomba isiwe ya lazima, na waliokwisha kuhukumiwa chini ya ulazima huo warudishwe mahakamani kupangiwa adhabu upya, kama Wakenya walivyofanya.

Pia naomba mambo mawili madogo yasiyohitaji muswada wowote. Mwenendo wa shauri na hukumu ya mtu aliyehukumiwa kufa vitolewe kwa Kiswahili, angalau hukumu. Na wakili wa rufani ateuliwe tangu siku taarifa ya rufani inapopokelewa, alipwe nauli ya kwenda gerezani angalau mara moja, na asiruhusiwe kusimama mbele ya majaji kabla hajafanya hivyo. Kama bajeti ni tatizo, sisi wasaidizi wa kisheria tuko katika kata nyingi na tunaweza kumkusanyia wakili taarifa za huku: ramani ya eneo, nani aliupiga mwano, nani alifika lini, sheria ndogo ya kijiji inasema nini kuhusu asiyetoka. Hiyo sheria ndogo, iliyogongwa muhuri wa kijiji na kutaja faini ya asiyeitikia mwano, sijaiona hata mara moja ikiwasilishwa kama kielelezo katika kesi ya namna hii. Ninayo nakala yake. Nimeshampa baba wa yule kijana ampelekee wakili, atakapoteuliwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Kanda ya Ziwa.